Rundo la Makosa

Wiki tatu za kwanza za kazi yake, mfagiaji wa karakana alikuwa akirudisha mbao kwa wenyewe.

Aliajiriwa kufagia tu, lakini alikuwa mtu wa kufanya kazi aliyoajiriwa pamoja na ile asiyoajiriwa. Karakana ilikuwa na vibanda kumi na viwili vya maseremala chini ya paa moja refu la bati, sita huku na sita huku, na njia katikati yenye upana wa mkokoteni mmoja. Mwisho wa njia, kando ya lango, palikuwa na kona ambapo mafundi walitupa vipande visivyofaa. Kila alasiri ilimpasa kutenganisha takataka: maranda aliyajaza kwenye magunia ya wafuga kuku, unga wa mbao kwenye mapipa, na vipande vilibaki palepale kwenye kona, rundo la kumfikia kiunoni. Sheria ya rundo ilikuwa moja, na aliambiwa siku ya kwanza: fundi mwenye kibanda haruhusiwi kuchukua. Anayechukua ni kijana asiye na kibanda bado, na hana haja ya kuomba.

Sasa, alipovishika vile vipande, aliona ajabu. Kimoja kilikuwa cha mkangazi, urefu sentimita sitini, kimepigwa randa pande zote mbili mpaka kinateleza. Hakina ufa, hakina kifundo, hakijapinda hata unywele. Akasema moyoni, maskini fundi wa watu, amesahau mali yake kwenye takataka. Akakifuta vumbi kwa pindo la aproni, akaulizia ni cha nani, akakipeleka. Fundi akakipokea, akamtazama kama mtu mwenye neno kooni, kisha akasema tu, "Ahsante, shangazi."

Jina la Shangazi lilianzia hapo. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuwa shangazi wa yeyote pale.

Siku ya pili akarudisha vipande vinne. Wiki iliyofuata alikuwa akirudisha mzigo mzima, tena kwa furaha, akijiona mtumishi mwaminifu kuliko wote walioshika ufagio. Vijana waliozoea kuja asubuhi kupekua rundo walikuta vijiti vya kuchokolea meno. Mwishoni mwa wiki ya tatu Mzee Skwea akamfuata.

Mzee Skwea ndiye aliyekuwa fundi mkubwa wa pale, mtengeneza makabati. Waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa na sababu: kona aliyoikata yeye, ukiweka skwea, kipimo cha pembe, hapapiti hata karatasi.

"Shangazi, nani amekutuma urudishe mbao?"

"Hakuna aliyenituma, fundi. Naona mnasahau."

"Hatusahau. Tunakosea."

"Mnakosea vipi?" Akainua kipande alichokuwa akimrudishia. "Hiki si umekikata sawasawa?"

"Nilitaka hamsini na tisa. Nimekata sitini. Si kosa hilo?"

"Si ungepunguza sentimita moja?"

Mzee akamtazama kama anavyotazama ubao kabla hajaamua kama utafaa kwa mlango au kwa kuni. Akavuta kigoda, akaketi.

"Una akili wewe. Basi sikiliza, halafu ukae nalo. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja, jirani yetu mmoja alinipa mbao nne. Mbao nzuri. Nikatengeneza meza, nikaiuza, nikapata pa kuanzia. Alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini kila harusi, kila msiba, kila akinikuta njiani na mwenzangu: 'Huyu unayemwona, mimi ndiye niliyempa mbao nne.' Siku niliyooa alisimama akazitaja mbele ya wakwe zangu. Na mimi nainama, nashukuru. Miaka ishirini na sita nashukuru, mpaka tulipomzika, na pale kaburini mwanawe akaniuliza kama nazikumbuka." Akajishika nyuma ya kichwa. "Zile mbao nimezilipa kwa shingo. Ndiyo maana hapa hatumpi mtu kitu, Shangazi. Hapa tunakosea tu. Atakayeokota, amshukuru nani?"

Akainuka, akarudisha kigoda mahali pake, akarudi kwenye kabati lake. Tangu siku ile mfagiaji hakurudisha hata kijiti.

Alibaki na mshangao ule kwa miaka kumi na tisa. Wengine huzoea jambo zuri likawa kama ukuta, yeye hakuzoea. Kila alasiri alipofika kwenye kona alihisi kama mtu anayeingia chumba cha wenyewe bila kubisha hodi. Alijifunza kutofautisha makosa. Seremala akikosea kweli, hasemi. Hukitia kile kipande chini ya meza, akakifunika kwa maranda, na jioni kinaingia jikoni kwake kikawa kuni, mkewe asijue. Lakini likiwa kosa la rundo, fundi hulitangaza. "Ah, nimekosea," husema, wala si kwa hasira, kama mtu anayesema mvua imeanza, na kipande hicho kinapaa mpaka kwenye kona. Kutwa nzima alikuwa akiyasikia hayo katikati ya sauti za misumeno. Nimekosea. Nimekosea tena. Na mtu yule yule, ukimwendea na kitanda chako cha kuchonga, hakosei hata unene wa ukucha.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba hapakuwahi kuitishwa kikao. Hapakuwa na mwenyekiti wa makosa wala zamu ya kukosea. Fundi mgeni akihamia kibanda, hakuna aliyemwambia neno. Miezi miwili, mitatu, kisha asubuhi moja anasikika naye: "Nimekosea." Ukiwauliza wao kwa wao watakuapia kwamba hawajui unasema nini.

Vijana ishirini na watatu alikuwa amewahesabu wakitokea kwenye lile rundo. Mmoja sasa alikuwa akitengeneza milango ya hoteli. Dada wawili, mapacha, walianza na fremu za picha na sasa walikuwa na gari lao la kubebea madirisha. Wa ishirini na nne na wa ishirini na tano ndio waliomnyima usingizi, kwa sababu mmoja wao alikuwa mtoto wake.

Hakumzaa. Alikuwa binti wa dada yake mkubwa, marehemu, naye alimlea tangu ana miaka saba. Pale karakana walimwita Msasa, kwa kuwa mkononi hakosi kipande cha msasa, na kwa kuwa ulimi wake nao unaparuza. Alisomea useremala chuo cha ufundi. Ada alilipa ndugu mmoja wa upande wa baba, ambaye wote walimwita mjomba, mwenye duka la misumari na rangi, na mjomba huyo aliitaja ada ile kama wengine wanavyosema habari za asubuhi. Msasa alipomaliza chuo alimwambia mjomba mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile hatamwomba mtu hata msumari. Mjomba akacheka, akasema sawa, kuna kiti nyuma ya kaunta yake, kinamsubiri, atakuja mwenyewe.

Mwenzake kwenye kazi alikuwa kijana waliyesoma darasa moja, mrefu, mwenye mikono ya dhahabu, ambaye aliweza kukaa kutwa bila kutoa neno. Watu walimwita Kimya. "Mimi nasema, yeye anapima," Msasa aliwaambia wateja. "Tukibadilishana mtajuta."

Mwaka ule walipata kazi yao ya kwanza kubwa. Mwalimu wa chekechea mpya, mtaa wa pili, aliwaagiza viti arobaini vya watoto, viwe tayari Jumatatu ya kufungua. Pesa ya mwanzo ilitosha mbao za kukalia na za kuegemea. Miguu wangeipata kwenye rundo, kama walivyozoea. Msasa alilitegemea rundo bila wasiwasi, maana aliamini ni takataka, na takataka hazina fadhila. Asubuhi alipekua kona pamoja na vijana wengine, akachagua, akakata, akajisifu kwa jicho lake. "Hawa wazee wanatupa dhahabu, mama mdogo," alisema nyumbani. "Tena ni wazembe, sijui wateja wao wanawapendea nini."

Mama mdogo alitafuna chakula chake taratibu.

Alijua ikija kujulikana, yule binti atafunga kisanduku chake cha vifaa na viti arobaini vitabaki na mgongo bila miguu. Alikuwa ameshamwona akirudisha gauni alilopewa, akarudisha baiskeli aliyopewa. Na baada ya hapo hapakuwa na pengine pa kwenda ila nyuma ya kaunta ya mjomba.

Kosa, safari hii la kweli, lilikuwa la Shangazi mwenyewe.

Jumatatu, wiki moja kabla ya siku ya kupeleka viti, Fundi Vitanda alimsimamisha. Huyu alikuwa bonge la mtu, mcheshi, kibanda chake ni cha tatu kushoto. "Shangazi, yule mwanao na bubu wake wanatengeneza nini siku hizi?"

"Viti vya chekechea."

"Aa. Watoto wadogo wale. Miguu yake itakuwa kama hivi?" Akaonyesha kwa viganja.

"Sentimita ishirini na nane. Nne kwa nne unene."

"Nauliza tu," akasema Fundi Vitanda, akarudi kwenye randa yake.

Baada ya chai fundi wa milango akauliza. Naye akajibiwa. Saa saba, Mzee Skwea, ambaye hakuwa mtu wa kuulizauliza, akasema bila kuinua macho kwamba viti vya watoto siku hizi hata havijulikani vinakuwa na urefu gani. Akajulishwa. Wa nne hakuuliza, alisikia.

Kila mmoja akadhani ni yeye peke yake anayejua.

Jumanne asubuhi rundo lilikuwa na miguu tisini na miwili. Yote sentimita ishirini na nane. Yote nne kwa nne. Mingine ya msonobari, mingine ya mkangazi, na ile ya Mzee Skwea ilikuwa imepunguzwa kidogo kuelekea chini, kama mguu wa kiti unavyotakiwa kuwa, na kingo zake zimepigwa msasa ili zisimkwaruze mtoto.

Shangazi alipofika, Msasa alikuwa ameshika miwili, mmoja kila mkono.

"Mama mdogo."

"Naam."

"Mafundi wanne wamekosea ishirini na nane siku moja?"

"Huenda walikuwa na kazi inayofanana."

"Fundi Vitanda anatengeneza kitanda cha nani, cha paka?"

Shangazi akashika ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Msasa akaichukua ile miguu, akaenda zake. Siku hiyo alifanya kazi kama kawaida, lakini alikuwa kimya kuliko Kimya, na mama yake mdogo alijua hali hiyo si salama.

Jumatano, saa nne, watu walikuwa wamezunguka jiko la mama wa chai. Msasa akachukua kikombe chake, akasimama katikati, akamwambia Kimya kwa sauti ya kufika kibanda cha kumi na mbili: "Tumepata kazi nyingine. Mteja anataka vipande vya sentimita arobaini na saba."

Kimya akamtazama.

"Upana nane. Ncha moja imekatwa mshazari. Na katikati, tundu la kuingia kidole gumba."

"Vya nini?" akauliza mama wa chai.

"Siri ya mteja. Sijui hata tutapata wapi mbao hiyo. Basi tu."

Mafundi wakanywa chai yao. Fundi Vitanda alisema sukari imepungua leo. Mzee Skwea akamwaga masalio ya kikombe chini, akaondoka. Lakini alasiri ile, Shangazi alipopita na ufagio, alisikia keekee za kutoboa mbao zikilia vibanda vitano kwa mpigo, na alipochungulia kwa fundi wa milango, alimkuta amesimama peke yake, amechomeka kidole gumba kwenye tundu, anakizungusha, uso umejaa mawazo.

"Nimekosea," fundi wa milango akamwambia.

"Naona," Shangazi akasema.

Alitaka kuwaonya. Lakini angewaambia nini, na hawajakiri kitu? Akaamua ataamkia pale, aviondoe kabla ya mtu kuviona. Alhamisi alifika jua likiwa ndiyo kwanza linagusa bati. Msasa alikuwa amemtangulia. Alikaa juu ya rundo, kisanduku cha vifaa kimefungwa miguuni, na mbele yake vipande kumi na kimoja vimepangwa kwa mstari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumi na kimoja. Hiki kina tundu lililopinda, nadhani ni cha Fundi Vitanda. Hiki cha Mzee, angalia, ameking'arisha mpaka ndani ya tundu." Akakirudisha kwenye mstari. "Nimesema upuuzi. Nimetunga nikiwa nachota maji. Hakuna mteja, hakuna kitu duniani chenye umbo hili. Na hawa watu wazima wameacha kazi za watu wakakaa kutoboa."

Shangazi akainama. Yeye mwenyewe alikuwa akivitazama vile vipande vyote pamoja kwa mara ya kwanza. Kumi na kimoja. Hakuna fundi aliyeuliza ni vya nini.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hujafika kwangu."

"Nimemwambia mjomba sitamwomba mtu hata msumari. Nimejigamba mtaa mzima. Kumbe nimebebwa mgongoni kama mtoto, na wanaonibeba wananiangalia wanacheka."

"Umewahi kusikia mmoja anacheka?"

Msasa akageuza uso. Akainuka, akashika mpini wa kisanduku.

Hapo Shangazi akaweka ufagio chini. Neno aliloambiwa akae nalo, miaka kumi na tisa, alilitoa. Alimsimulia mbao nne. Alimsimulia harusi, na wakwe, na kaburi, na shingo. Hakuongeza chumvi. Alipofika pale mzee alipouliza amshukuru nani, Msasa alikuwa ameketi tena.

Kwa muda mrefu binti alikuwa akikisugua kile kipande cha Mzee Skwea kwa dole gumba, ingawa hapakuwa na la kusugua.

"Basi nitawashukuru," akasema. "Leo. Mmoja mmoja."

"Ukifanya hivyo utawaharibia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho hawataweza kukosea tena. Watakuwa wamekupa."

Msasa akafikiri. "Kwa hiyo ninyamaze."

"Unyamaze."

"Mimi?"

"Ndiyo hapo sasa," Shangazi akasema. "Kwako ni bei kubwa kuliko mbao."

Lango likalia. Mzee Skwea aliingia na chupa yake ya chai kwapani, akapita karibu na kona kama asiyeona, kisha akasimama.

"Naona kuna vipande vya ajabu hapo," akasema. "Sijui nani amekosea namna hiyo."

Shangazi akashusha pumzi, akangoja. Aliujua ule ulimi tangu una miaka saba, aliwahi kuona unavyomkwangua mwalimu, na dereva, na mjomba. Msasa akafungua kinywa, akakifunga. Macho yake yalijaa maji, lakini alijikaza, akainamia kisanduku kama anayetafuta kitu.

"Sijui, mzee," akasema. "Ila vitanifaa. Ni bahati yangu."

"Bahati ni jambo jema." Mzee akaenda hatua tatu, nne. Akarudi moja. "Lakini kwani ni vya nini hivi?"

"Siri ya mteja, mzee."

Mzee Skwea akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Baadaye ilijulikana kwamba jana yake mafundi watano waliulizana njia nzima ya kurudi nyumbani, na Fundi Vitanda alikuwa ameweka dau kwamba ni mitego ya panya.

Sasa palikuwa na shida nyingine. Vile vipande kumi na kimoja havikuweza kurudi kwenye rundo, wala kuchomwa, maana vibanda vitano vilikuwa vinangoja kuona kitakachotokea. Msasa alivigeuza huku na huku. Alivilaza, akavisimamisha, akavitukana. Saa sita Kimya alikichukua kimoja, akakishika wima karibu na ukuta, ule mshazari juu, akachomeka kidole tunduni kutoka nyuma, na kwenye kidole hicho akatundika mfuko wake wa chakula.

"Begi," akasema.

Ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

Wakachonga vigingi vya mviringo, wakavichomeka kwenye matundu kwa gundi, na juu ya kila kigingi wakaacha nafasi ya kuandika jina la mtoto. Ule mshazari wa juu, uliozaliwa na uchokozi, ulifaa kweli: mtoto hawezi kuweka kikombe juu yake kikamwangukia mwenzake. Ijumaa na Jumamosi waligonga viti. Miguu iliyopungua ilipatikana, safari hii kwa makosa ya heshima, michache michache, ya urefu tofauti uliohitaji kupunguzwa. Jumatatu wakapakia mkokoteni viti arobaini na vibao kumi na kimoja vya mabegi, na Shangazi akaomba ruhusa ya saa mbili kwenda kuona.

Viti vilipangwa na watoto wakakaa, na hakuna mguu hata mmoja uliocheza. Mwalimu alikuwa anavipitia kwa mkono, ameridhika, lakini alipoona vibao ukutani alisimama.

"Hivi sikuagiza."

"Ni zawadi ya ufunguzi," akasema Msasa, na hilo neno zawadi lilimtoka kwa shida.

Kabla ya saa moja kwisha palizuka vita. Watoto kumi na mmoja walikuwa na mahali pa kutundika mabegi yao kwa jina, ishirini na tisa hawakuwa napo, na hao ishirini na tisa walilia kwa sauti moja. Mwalimu akajishika kichwa. "Nitengenezeeni vingine ishirini na tisa," akasema. "Leo kama inawezekana."

Mkaguzi wa shule za awali akaviona mwezi uliofuata, akauliza. Shule tatu zikaagiza, kisha tisa. Mwaka haujaisha fundi wa milango akahamia eneo kubwa zaidi, na kibanda chake kikachukuliwa na Msasa na Kimya, pamoja na vijana wawili wa kuwasaidia. Waliagiza mbao zao wenyewe, na hawakukanyaga tena kwenye kona, maana sasa walikuwa na kibanda.

Siku walipotundika kibao cha jina la biashara yao, mjomba alikuja. Alivaa suti. Alizungusha macho juu mpaka chini, akagonga meza ya kazi kwa kidole, akawa anatafuta mahali pa kushika.

"Hongereni. Kazi nzuri. Lakini mtu haanzi hivihivi, mwanangu. Nani amewasaidia?"

Misumeno ya jirani ilipungua sauti. Shangazi, aliyekuwa anakusanya maranda mlango wa pili, alibaki ameinama.

"Hakuna aliyetupa kitu, mjomba," Msasa akasema. "Tuliokota vipande. Mafundi wa hapa wanakosea sana."

Mjomba akageuka akawatazama wale wazee kwenye vibanda vyao. "Ni kweli," akasema kwa sauti. "Nimesikia. Maseremala wa siku hizi ni wazembe, hawajui hata kupima."

Shangazi alinyanyua macho. Mbele yake alikuwapo Mzee Skwea, ambaye kwa miaka arobaini hakuna kona yake iliyopitisha karatasi, ambaye watu walisafiri siku nzima kuja kumwagiza kabati. Jirani yake Fundi Vitanda, ambaye aliwahi kumfukuza mteja kwa kusema mguu umeinama. Vibanda kumi na viwili vya watu wenye kiburi cha kazi yao. Hakuna aliyefungua mdomo. Mzee Skwea aliweka penseli nyuma ya sikio, akainamisha kichwa kidogo.

"Ni kweli, bwana," akasema. "Tunajitahidi, lakini wapi."

Mfagiaji aliona mambo mengi katika maisha yake, alizika dada na mume, alilea mtoto asiyemzaa. Lakini akiulizwa ni nini kikubwa alichowahi kukiona kwa macho yake, angetaja wakati ule.

Miezi minne baadaye kijana mmoja alianza kuja kwenye rundo asubuhi. Alitengeneza vigoda vya kinamama wa sokoni, alipiga misumari mingi mno, na hakumsalimia mtu kwa aibu. Shangazi akamweka kwenye hesabu yake: wa ishirini na sita.

Alasiri moja alikuwa anafagia mbele ya kibanda cha Msasa. Kimya alikuwa kwenye keekee. Msasa alikuwa ameinamia ubao wa mkangazi, futi mkononi, penseli mdomoni, na hakuinua kichwa.

"Mama mdogo."

"Naam."

"Yule wa vigoda. Sijui miguu yake inakuwa na urefu gani. Nauliza tu."

Mfagiaji akaegemea ufagio wake. Akatazama njia nzima, huku vibanda sita na huku sita, unga wa mbao ukielea kwenye miale ya jua la alasiri, na kila mtu akiwa ameinamia kazi yake kama asiyesikia.

"Ishirini na nne," akasema. "Lakini msikosee wote siku moja."